Menyu ya Ubuntu imepotea baada ya sasisho: usikubali kufutiwa diski

Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu ina mifumo miwili, Windows na Ubuntu. Juzi Windows ilijisasisha, na sasa nikiwasha inaingia Windows moja kwa moja, menyu ya kuchagua haitokei. Fundi mmoja mjini anasema lazima apige Windows upya. Nimkubalie? (Mwanafunzi, Njiro, Arusha)

Marahaba. Usimkubalie, kaichukue kompyuta yako leo. Ubuntu karibu kila mara inakuwa ipo palepale. Kilichobadilika ni mpangilio wa kuwaka: Windows imejiweka mbele. GRUB, yaani ile menyu, bado imekaa kwenye patisheni ya EFI, yaani sehemu ndogo ya diski yenye faili za kuwashia kompyuta, kwa kawaida haijaguswa.

Kwanza hakikisha una ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, kama diski imefungwa nayo. Ni tarakimu 48, na mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye daftari, kwa sababu ukigusa mipangilio ya kuwaka Windows inaweza kukudai. Kisha zima, washa huku ukibonyezabonyeza F2 kwa Dell au F10 kwa HP ili uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya kompyuta. Kwenye sehemu ya Boot utaona Windows Boot Manager na ubuntu. Pandisha ubuntu juu, hifadhi, toka. Basi.

Inaniuma sana mwanafunzi anapofutiwa utafiti wa mwaka mzima kwa tatizo la dakika tano. Hata jina la ubuntu lisipoonekana kabisa, washa kwa flashi ya Ubuntu, nakili kazi zako kwanza, ndipo utengeneze GRUB kwa programu ya Boot-Repair.

Yangu inaandika “Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation” halafu inazima. Imekufa? (Sakina, Arusha)

Haijakufa. Hili lilianza na sasisho la Windows la Agosti 2024, lililokusudiwa kuzuia GRUB za zamani zenye udhaifu wa kiusalama. Halikutakiwa kugusa kompyuta zenye mifumo miwili, lakini liliziangusha nyingi, na Microsoft walikuja kulimaliza tatizo hilo Mei 2025. Ingia BIOS, zima Secure Boot (kinga inayozuia programu za kuwaka zisizoaminika), washa Ubuntu, fungua temino, lile dirisha la kuandika amri, uandike:

`sudo mokutil --set-sbat-policy delete`

Washa upya, ingia Ubuntu tena na uisasishe yote. Ukimaliza, rudisha Secure Boot, usiiache imezimwa. Tahadhari ya BitLocker niliyotaja juu inakuhusu na wewe.

Kaka, nikitoka Ubuntu kwenda Windows saa inarudi nyuma masaa matatu. Dukani wanasema ninunue betri ya ubao mama. (Majengo, Moshi)

Hela yako iweke. Betri ikifa, saa hurudi miaka nyuma. Haichagui masaa matatu tu. Ubuntu huandika saa ya ndani kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Tanzania iko masaa matatu mbele ya UTC. Andika kwenye Ubuntu `timedatectl set-local-rtc 1`, kisha rekebisha saa mara moja.

Nikiwa Ubuntu nafungua faili za Windows lakini siwezi kuhifadhi. (Pasua, Moshi)

Ni Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Ukibonyeza kuzima, Windows inalala nusu na kuishikilia diski, na masasisho makubwa wakati mwingine huirudisha hata kama uliizima. Kwa leo, shikilia Shift unapobonyeza Shut down. Kuimaliza kabisa, ukiwa Windows fungua Command Prompt, dirisha lake la amri, kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Usilazimishe kuandika kwenye diski hiyo kabla ya hapo, faili zinaweza kuharibika.