Betri za Chombo Kidogo Zinahitaji Kushiba

Kwa misimu miwili nilikuwa na mazoea ya kuwasha injini ya mashua yangu kila jioni kwa muda wa saa moja, nikiamini kwamba muda huo unatosha kurudisha umeme wote uliotumika tangu jana yake. Kila nilipozima injini, mita ilionyesha zaidi ya volti 13, nami nikaridhika. Asubuhi moja, nikiwa nimetia nanga na upepo ukianza kugeuka kuelekea ufukoni, nilibonyeza swichi ya stata nikasikia mlio mmoja mdogo, kisha kimya. Niliondoka pale kwa tanga, lakini betri zote mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika, na aliyeziharibu ni mimi.

Betri ya madini ya risasi na asidi, kama zilivyokuwa zangu, hupokea umeme kwa kasi hadi inapofika takriban asilimia 80 ya ujazo wake. Kuanzia hapo huanza kukataa, ikipokea ampea chache zaidi kadiri inavyoendelea kujaa, hata kama oltaneta, yaani kifaa cha injini kinachozalisha umeme, ni kubwa kiasi gani, hivyo sehemu hiyo ndogo ya mwisho inaweza kuchukua saa nne au zaidi. Ikiachwa na njaa siku baada ya siku, salfeti ya risasi iliyo kwenye mabamba yake hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi tena. Zile volti 13 nilizokuwa nikizisoma zilikuwa za juujuu tu. Kipimo cha kuaminika hupatikana betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika: karibu volti 12.7 imejaa, karibu 12.2 imebaki nusu, na nusu hiyo ndiyo mpaka ambao nimejizuia kuuvuka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaa chochote, kaa chini na kalamu uhesabu matumizi ya siku nzima. Friji inayovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda hutumia saa-ampea 48 kwa siku (saa-ampea moja ni ampea moja ikitumika kwa saa moja). Taa, redio na vyombo vya kuongozea vikiongeza 15, jumla ni 63, ilhali betri ya saa-ampea 100 inakupa 50 tu za kutumia bila kuiumiza. Hesabu hii ilinionyesha kwamba tatizo langu halikuwa injini bali friji, na nasikitika kwamba sikuifanya mapema.

Kinachoshibisha betri zangu sasa ni paneli za sola. Si kwa sababu zina nguvu nyingi, kwani paneli ya wati 100 katika siku yenye jua zuri hunipa takriban saa-ampea 30, bali kwa sababu hufanya kazi taratibu kutwa nzima, na huo ndio mwendo ambao betri inautaka mwishoni mwa chaji. Injini hufanya kazi nzito ya mwanzo asubuhi, kisha jua humalizia. Angalia sana kivuli: kamba moja au mlingoti ukipitisha kivuli juu ya sehemu ndogo ya paneli unaweza kupunguza umeme wake kwa kiasi kikubwa mno, na mimi nilihamisha paneli mara tatu kabla ya kupata mahali panapofaa.

Betri ya kuwashia injini itengwe kabisa na betri za matumizi ya ndani, ili friji isiweze kamwe kuigusa. Ukitumia swichi ya kuzungusha ya kuchagua betri, usiipitishe kwenye alama ya kuzima wakati injini inaunguruma, kwa maana oltaneta ikikosa betri ya kupokea umeme wake ghafla, daiodi zake, yaani vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, huweza kuungua papo hapo. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, ndiyo pekee ninayoiunganisha moja kwa moja na betri, ikiwa na fyuzi yake, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kazi yake ni kulinda waya usishike moto. Betri zifungwe zisiweze kuhama chombo kinapolala upande, na mahali zilipo papitishe hewa, maana betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche.

Wengi huniuliza kama wahamie betri za lithiamu. Ni nyepesi, hustahimili kutumiwa zaidi ya nusu, na hazidhuriki zisipojazwa hadi mwisho, kwa hiyo kwa mtu aliyeteseka kama mimi zinavutia. Hata hivyo, hupokea umeme kwa pupa kiasi kwamba oltaneta ndogo huweza kufanya kazi kwa nguvu zake zote bila kupumzika hadi ikaungua, na pia hazipaswi kuchajiwa katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Anayezitaka aweke kati ya oltaneta na betri hizo chaja maalumu inayopunguza ampea, na gharama ya chaja hiyo aihesabu tangu siku anayopanga bei ya betri.