Ndiyo, huku tunaongea na paka

Swali hufika kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mtu kaenda ughaibuni kutafuta maisha, kodi inambana, zamu haziishi, halafu mnasikia anafuga paka chumbani na anampeleka hospitali. Ana akili timamu? Na ni kweli huko watu wanaongea na wanyama? Ni kweli, wanaongea. Ndugu na marafiki mnaouliza mnastahili jibu lisilofichwa kitu.

Jibu linaanzia mlangoni. Mtu akitoka zamu ya usiku hufungua chumba ambacho hakuna aliyekohoa ndani yake tangu alipokifunga. Simu za nyumbani zinasaidia sana, ila saa hazilingani, na nyingi zinaanza na tatizo la mtu. Siku 3 zinaweza kupita bila kutamka sentensi nzima kwa lugha yako. Sasa weka paka nyuma ya mlango huo, mkia wima, ncha imejikunja kidogo kama alama ya kuuliza. Kuna aliyekusubiri, na kuna kazi ya kufanya kabla hujavua koti. Hilo la kazi ndilo watu hawalitazami. Mtu aliyeelemewa huacha kwanza kujihudumia mwenyewe: hali chakula, haogi, hafungui pazia. Lakini bakuli tupu la kiumbe mwingine humwinua kitandani. Akishainuka, pazia linafunguliwa, kwa kuwa paka anataka kukaa dirishani.

Kupapasa tu kuna kazi yake mwilini. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walieleza kwamba wanafunzi waliowashika paka na mbwa kwa dakika 10 walikuwa na kiwango kidogo cha kotisoli kwenye mate, ile homoni ya msongo, kuliko waliowatazama tu au waliokuwa kwenye foleni wakisubiri zamu yao.

Halafu kuna kicheko, na kicheko si jambo dogo kwa mtu ambaye wiki nzima hajacheka. Mtazame paka akiona ndege nje ya kioo. Masharubu yanaelekea mbele, mwili unashuka chini, kisha taya linaanza kutetemeka na sauti inatoka, kek-kek-kek, kama kijimashine kinachokataa kuwaka. Ndege akiruka, paka hugeuka na kujilamba bega kana kwamba hakukuwa na jambo lolote. Au ile desturi yao ya kutoka chooni kwa mbio, kuta mbili, kitanda, meza, kisha kusimama ghafla katikati ya chumba. Au kuingia kwenye boksi la viatu ambalo halimtoshi na kukaa humo, nusu ya mwili ikifurika pembeni, uso umetulia kabisa. Mtu hujikuta anasema, "We bwana, unafanya nini?" kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, chumbani kwake. Ndiyo hayo maongezi mnayosikia habari zake.

Na paka hujibu, kwa njia yake. Akikutazama, fumba macho polepole, yafungue nusu, ufumbe tena. Watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walichapisha matokeo yao mwaka 2020: paka anayefumbiwa macho hivyo naye hufumba, na huwa tayari zaidi kumkaribia hata mtu asiyemjua.

Sasa kazi yenyewe, kwa wale mlio huku au mnaojiandaa kuja. Soma mkataba wa nyumba kabla ya kumpenda mnyama yeyote. Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kumficha paka ni kujitafutia notisi ya kuhama wakati ambao huna pa kwenda. Ukiwa na wasiwasi wa aleji, tembelea nyumba yenye paka mara kadhaa, kila mara saa moja au zaidi. Aleji hiyo haitoki kwenye manyoya yenyewe bali kwenye protini iliyomo katika mate na ngozi, kwa hiyo paka asiye na manyoya si suluhisho.

Chukua paka mzima, miaka 3 na kuendelea, kutoka kituo cha wanyama waliotelekezwa. Mtoto wa paka anafurahisha, lakini hupanda mapazia na kutafuna nyaya wakati wewe uko kazini saa 12 mfululizo. Mzima tabia yake inajulikana, na watu wa kituo watakuambia kama ni wa kupakatwa au wa kuachwa. Siku za kwanza atakaa chini ya kitanda. Usimvute. Weka maji, chakula na choo chumba hicho hicho, kaa sakafuni usome kitu, atatoka mwenyewe. Wengine huchukua wiki. Kinachotakiwa kukushtua ni kutokula: saa 24 bila kugusa chakula, piga simu kwa daktari wa mifugo, kwani paka asiyekula siku 2 au 3, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta na anaweza kufa.

Choo ndiko wengi wanakoshindwa. Beseni liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka, mkia usihesabu. Mimina mchanga wake kina cha sentimita 5 hivi, ule usio na manukato, kwa sababu harufu inayokupendeza wewe yeye inamkera. Kanuni ya madaktari ni choo kimoja kwa kila paka na kimoja cha ziada. Chumba kikikubana ukaweka kimoja, basi chota uchafu asubuhi na jioni bila kukosa. Kisikae karibu na chakula, wala kando ya mashine ya kufulia inayoanza kutetemeka ghafla. Mwenye mimba amwachie mwingine kazi hiyo. Akikosa mtu, avae glavu, anawe mikono na asafishe kila siku, kwa kuwa vimelea vya toksoplazma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza.

Paka akianza kukojoa kitandani, watu husema ana kisirani. Mara nyingi anaumwa, au choo ni kichafu. Na hili likae kichwani: paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hakuna kinachotoka, njia ya mkojo imeziba. Usisubiri asubuhi. Siku moja au mbili zinatosha kumuua.

Usimpe dawa ya binadamu hata kidogo. Kidonge kimoja cha paracetamol, kile kile unachomeza ukiumwa kichwa, kinaweza kumuua paka. Maua ya yungiyungi, yale yanayoitwa lily kwa Kiingereza, usiyaingize ndani, maana hata chavua iliyodondokea manyoya akailamba huharibu figo. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake paka. Na ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, kwani huo uzi hukata utumbo. Mpeleke hivyo hivyo.

Kuna kilio kimoja cha kila mwenye paka: ananiamsha saa 10 alfajiri. Paka ni mwindaji wa alfajiri na magharibi, hiyo ndiyo saa yake. Ukiinuka ukampa chakula ili anyamaze, umemfundisha kwamba kelele zinalipa. Cheza naye dakika 10 hadi 15 kabla ya kulala, kijiti chenye unyoya mwishoni, umwache akikamate mara kadhaa, kisha mlishe. Akishawinda na kula, hujilamba na kulala. Baada ya hapo kelele za alfajiri usizijibu kabisa. Zitazidi kwanza, kisha zitapungua. Anayefanya kazi usiku ageuze ratiba hiyo hiyo kabla ya usingizi wake wa mchana.

Mbwa ni habari nyingine. Anahitaji kutoka nje mara 3 au zaidi kwa siku, mvua au barafu, na mtu wa zamu ndefu anayeishi peke yake atamtesa. Mwenye muda, mbwa atampa kitu ambacho paka hawezi: majirani waliopita mwaka mzima bila salamu watasimama kumsalimia mbwa, na baada ya mbwa watakusalimia wewe.

Pesa zisemwe wazi. Chakula hakimshindi mtu. Kinachomshinda ni bili ya dharura ya usiku mmoja. Bima ya mnyama ichukuliwe akiwa mzima, maana ugonjwa uliokuwapo kabla kwa kawaida haulipiwi. Kama hakuna bima wala akiba, tulia kwanza. Vituo vingi huruhusu mtu kulea mnyama kwa wiki chache huku matibabu yakiwa juu yao, na jirani mzee mwenye mbwa mara nyingi anatafuta mtu wa kumtembeza. Na kama una mpango wa kurudi naye nyumbani siku moja, awekwe kwanza chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, ndiyo achanjwe kichaa cha mbwa. Nchi nyingi hazihesabu chanjo iliyotangulia chipu.

Paka hatibu sonona. Ikifika wiki 2 huna hamu ya chochote, usingizi umekimbia au hauishi, mwone daktari, na funguo ya pili mwachie mtu wa kumlisha paka.

Nanyi mlio nyumbani, ombi moja. Wanyama hawa huishi miaka 12, 15, wengine hata 20, kisha hufa. Mtu wa huku akiwapigia simu kusema paka wake amekufa jana, anazungumza habari za aliyemngoja mlangoni kila siku tangu afike nchi hii. Mpeni pole. Mwulizeni alikuwa anaitwa nani.