Mwajiri amekaa kimya kuhusu bima baada ya kukuachisha kazi

Pole sana, dada. Umesema ghala lenu Ohio, Marekani, lina wafanyakazi zaidi ya mia, uliachishwa kazi wiki saba zilizopita, bima ikakatika siku hiyohiyo, na hujaona barua yoyote ya kukueleza jinsi ya kuendelea na bima hiyo.

La haraka kwanza: usiisubiri hiyo barua. Ukipoteza bima ya kazini una siku 60 za kuomba nyingine kupitia HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima, na ruzuku hutolewa huko kulingana na kipato. Siku zako zinakaribia kwisha, ingia leo. Kipato kikiwa kidogo, uliza pia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo; hiyo huombwa wakati wowote.

Ule msaada uliousikia, wa serikali kulipia yote ya COBRA (haki ya kubaki kwenye bima ya kazini kwa muda baada ya kuacha kazi, ukiilipia mwenyewe), ulikuwa wa Aprili 1 hadi Septemba 30, 2021. Wakati huo waajiri walipaswa kuwaarifu waliostahili. Umekwisha.

Lakini wajibu wa kukuarifu kuhusu COBRA yenyewe upo palepale kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Ana siku 30 za kumjulisha msimamizi wa bima, naye msimamizi ana 14 za kukuandikia. Kwa hiyo wamechelewa, na mahakama inaweza kuwatoza hadi dola 110 kwa siku. Waandikie barua pepe, taja tarehe uliyoachishwa, tunza nakala. Wakinyamaza, ipigie simu EBSA, idara ya Wizara ya Kazi. Msaada wao ni bure.

Barua ikifika utakuwa na siku 60 za kuamua. COBRA ni ghali, hadi asilimia 102 ya gharama yote, ila hurudi nyuma hadi siku bima ilipokatika. Kama mtoto alilazwa katikati hapo, piga hesabu kabla ya kuikataa.