Maswali Yenu: Kupimwa Akili kwa Amri ya Mahakama

*Kaka yangu yuko gereza la Butimba kwa kesi ya mauaji. Mahakama imeagiza apelekwe Isanga, hospitali ya akili ya washtakiwa kule Dodoma. Ndiyo ameachiwa? (Igoma)*

Hapana. Amepelekwa kupimwa akili, kesi iko palepale. Kisheria ripoti inatakiwa ndani ya siku 42.

*Mimi ni muuguzi. Ripoti inasainiwa na daktari, sisi tunahusikaje? (Nansio)*

Mnahusika sana. Daktari anamhoji mshtakiwa kwa muda mfupi, ninyi mnakaa naye zamu zote. Nani anayemwona saa nane usiku akijibizana na sauti asizozisikia mwingine? Nani anayemwona yule aliyeshindwa kutaja jina lake mbele ya daktari akirudi wodini na kucheza bao bila kukosea kete? Andikeni hayo, na saa yake. Msiandike "kichaa" wala "anajifanya": hiyo ni hukumu, na hukumu ni ya jaji. Mwambieni mapema kwamba anayowaeleza yanaweza kufika mahakamani. Msimhoji kuhusu mauaji, hiyo ni kazi ya polisi. Faili lenye "amelala vizuri" siku zote halimsaidii mtu yeyote, na nasikitika kwamba bado yapo.

*Mbona sasa mshtakiwa anaongea vizuri? Si alikuwa anadanganya? (Kirumba)*

Swali hili naletewa kila mara, someni basi! Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinaangalia akili yake wakati wa tendo. Kama leo anaweza kufuata kesi na kujitetea, hilo ni swali jingine. Ndiyo maana wapimaji wanatafuta historia: majirani, wavuvi wenzake pale mwaloni, kadi za kliniki. Na hapa familia zetu zinajiangusha. Ugonjwa unafichwa kwa aibu, mgonjwa anazungushwa kwa waganga miaka, hakuna karatasi hata moja. Sheria inamhesabu kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo, na mzigo huo ni wa mshtakiwa. Kadi ya hospitali, ya Bugando au Sekou Toure, itunzeni kama hati ya kiwanja.

*Alikuwa amevuta bangi, itamsaidia? (Sengerema)*

Kulewa kwa kujitakia peke yake hakumwondolei mtu kosa.

*Akionekana hakuwa na akili timamu, anarudi nyumbani? (Magu)*

Sio siku hiyo. Anawekwa kizuizini kama mgonjwa, bila miaka kutajwa, na kutoka kwake kunategemea taarifa za wanaomtibu, wauguzi wakiwemo. Nendeni mkamwone. Anayepona bila ndugu wa kumpokea anaendelea kukaa.