Kabla ya kuiamuru AC kwa simu, ipime nyumba yako

Ndugu na majirani hapa Dar es Salaam huniuliza swali moja kila joto linapoanza: ninunue kifaa gani kwanza ili niwashe AC nikiwa bado kwenye foleni, nikifika nyumbani nikute kumepoa? Jibu langu ni kipimajoto. Kile kidogo cha waifai, kinachopima joto na unyevu na kutunza kumbukumbu kwenye simu. Ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu kabisa katika vyote vya nyumba janja, yaani nyumba inayoendeshwa kwa simu. Chukua viwili, kimoja cha chumbani na kingine cha barazani kwenye kivuli, uviache vipime wiki nzima kabla hujanunua kitu kingine.

Kuwasha AC kutoka mbali hakupunguzi matumizi ya umeme hata kidogo. Mara nyingi kunayaongeza, maana jambo likishakuwa rahisi watu hulifanya hata pasipo haja. Kinachopunguza ni kujua joto linaingia nyumbani kwako kupitia wapi na saa ngapi, na kama lingeweza kutoka bila kompresa kufanya kazi.

Chumba chetu cha kulala kimetazama magharibi. Kuta ni za tofali za saruji, dirisha ni la vioo vya kuslaidi. Kwenye mchoro wa simu, asubuhi mstari wa ndani na wa nje huenda pamoja. Kuanzia saa nane mchana, mstari wa ndani unaupita wa nje, na cha kushangaza, jua likizama haushuki. Ukuta uliokunywa jua mchana kutwa ndiyo kwanza unaanza kulitoa humo ndani. Saa mbili usiku barazani husoma digrii 28, chumbani 32. Na saa mbili ndiyo saa ambayo nyumba nyingi hapa mtaani hufunga madirisha na kuwasha AC, huku hewa ya bure yenye ubaridi imesimama nje ya dirisha.

Kutokana na mchoro huo nilitengeneza kanuni ambayo mpaka leo naipenda kuliko zote: nje kukipoa kuliko ndani kwa digrii mbili, simu inaleta ujumbe, "Fungua madirisha." Haiwashi kitu. Watoto wanafungua, pangaboi linazungusha hewa kama nusu saa, na tukihitaji AC baadaye tunafunga na kuiwasha chumba kikiwa kimeshapungua joto. Nyavu za mbu ziwe nzima tu. Miezi ya kusi, hasa Juni mpaka Agosti, tunalala hivyo hivyo madirisha wazi mpaka asubuhi. Kazi ipo wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto linapokuja pamoja na unyevu na usiku wenyewe haupoi vizuri.

Jambo la pili ambalo vipimo vilinifundisha ni kivuli. Pazia zito la ndani halikubadilisha mstari kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo, joto lake limeshaingia chumbani. Neti ya kivuli iliyotundikwa nje ya dirisha iliushusha mstari wa jioni siku ile ile. Kama una ukuta wa magharibi, fedha ya rimoti janja, kile kidude cha kuiamuru AC kwa simu, ipeleke kwanza kwenye neti hiyo, au kwenye mti.

Sasa AC yenyewe. AC ya BTU 12,000 ya aina ya kawaida hula karibu kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Kwa usiku mmoja wenye urefu wa saa nane, kompresa ikiwaka na kupumzika, utatumia uniti tano hadi sita. Wateja wengi wa majumbani wa TANESCO wako kundi la bei la T1, ambako uniti moja ni shilingi 292, na ukiweka kodi na tozo inafika 350 na ushee. Kwa hiyo ni karibu shilingi 2,000 kwa usiku. Pangaboi la wati 70 kwa saa hizo hizo halifiki shilingi 200. Aliye kundi la D1, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi 100 kwa kila uniti, ajue kabisa kwamba AC ya kila usiku itamtoa humo.

Huna kifaa cha kupima umeme? Mita yako ya LUKU inatosha kuanzia. Soma uniti zilizobaki unapokwenda kulala, soma tena ukiamka, fanya hivyo usiku wenye AC na usiku usio nayo. Tofauti utakayoiona ni ya nyumba yako wewe.

Kanuni ya AC ninayoipendekeza ni ya kawaida sana. Iweke 26, washa pangaboi kwa mwendo mdogo, na iache programu iizime saa kumi alfajiri. Upepo wa feni juu ya ngozi hukufanya uhisi ubaridi zaidi kwa digrii kadhaa kuliko kipimajoto kinavyosema, ndiyo maana 26 yenye feni inalalika vizuri kuliko 22 isiyo na feni, na haikukaushi koo. Wanaodhani 26 ni mateso wakumbuke kwamba Japani tangu 2005 ina kampeni ya Cool Biz inayotaka ofisi zikae digrii 28 wakati wa kiangazi, na India tangu Januari 2020 imetaka AC mpya za vyumbani zitoke kiwandani zimewekwa 24 badala ya chini ya hapo. Kama unyevu unasoma zaidi ya asilimia 75 lakini joto si kubwa, jaribu ile hali ya kukausha, yenye alama ya tone la maji kwenye rimoti. Mara nyingi kinachotunyima usingizi pwani ni jasho lisilokauka, na kipimajoto chenye kusoma unyevu kitakuonyesha hilo wazi.

Kuna kosa ninaloliona kwa mafundi wengi wa mitaani, nalo linanikera kwa sababu ni la hatari: kuchomeka AC kwenye plagi janja ya ampea 10 iliyotengenezwa kwa ajili ya taa na redio. Kompresa ya kawaida inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Plagi ndogo inachemka, plastiki inalainika, na hapo moto hauko mbali. Hata plagi kubwa ya ampea 16 itumie kupima tu. Usiitumie kukata umeme wa AC inayofanya kazi, kwa sababu kompresa ikizimwa ghafla na kuwashwa papo hapo inaanza huku gesi bado ina msukumo mkubwa upande mmoja. Inahitaji kama dakika tatu za kutulia. Amri ya kuzima na kuwasha ipitie kwenye rimoti janja, kile kidude cha mezani kinachorusha mawimbi yale yale ya rimoti ya kawaida, ili AC ijizime yenyewe kwa utaratibu wake.

Rimoti janja ina upungufu wake: inasema, haisikii. Mtu akichukua rimoti ya mkononi akazima, programu ya simu itaendelea kukuambia AC inawaka. Dawa ni kuweka kipimajoto kingine kidogo karibu na mdomo wa AC. Hewa inayotoka pale ikiwa baridi kuliko chumba kwa digrii nane au kumi, inawaka, zikilingana, imezimwa. Kipimajoto hicho hicho kinakupa faida nyingine. Tofauti ile ikianza kupungua, na chumba kikichukua muda mrefu zaidi kufika 26, mara nyingi ni chujio lililojaa vumbi. Litoe, lioshe kwa maji, likauke kivulini, lirudishe.

Wenye AC za inveta wasizisumbue kwa kuwasha na kuzima kila mara. Inveta hupunguza mwendo yenyewe ikikaribia kiwango ulichoweka, na huko kwenye mwendo mdogo ndiko inakookoa umeme.

Kuhusu intaneti, pendelea vifaa vinavyofanya kazi ndani ya nyumba bila kuuliza seva iliyo nchi nyingine. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania na majirani zetu iliyumba kwa siku kadhaa, na kifaa kinachongoja jibu kutoka ng'ambo siku kama zile hakina msaada. Hata bando likiisha tu mambo ni hayo hayo. Vifaa vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana vyenyewe kwa mawimbi ya redio ndani ya nyumba bila waifai, vinavyosimamiwa na programu ya bure ya Home Assistant, kwenye kompyuta ndogo iliyo sebuleni, vinaendelea na kanuni zake hata ruta ikiwa haina intaneti. Kuviweka kunahitaji uvumilivu, lakini kijana yeyote wa nyumbani anayependa kompyuta ataweza. Ukichagua vya waifai, jua kwamba vingi vinakamata masafa ya waifai ya gigahezi 2.4 tu, si 5. Wengi hudhani kifaa ni kibovu kumbe tatizo ni hilo.

Umeme ukikatika na kurudi, swichi janja nyingi zina mpangilio wa kuchagua zifanye nini: zibaki zimezimwa, au zirudi zilivyokuwa. Chagua ibaki imezimwa kwa kila kitu kikubwa. Gadi ya AC, ile inayochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, usiitoe eti kwa kuwa sasa nyumba ni janja.

Na wapo watu wa nyumbani. Mama yangu anaishi nasi, na tulipomwonyesha programu aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, mimi nibonyeze wapi?" Tukambandikia kitufe kisicho na waya kando ya kitanda. Akibonyeza mara moja AC inawaka 26, mara ya pili inazima. Rimoti ya zamani pia iko palepale mezani kwake. Mfumo unaomlazimu mzee amwite mjukuu ili apate ubaridi chumbani mwake mwenyewe haufai.

Nyanda za juu hali ni tofauti. Dada yangu yuko Arusha, kwake gharama ni hita ya maji. Tangi la lita 50, kutoka maji ya digrii 18 mpaka 60, linahitaji uniti 2.4 hivi, yaani kama shilingi 850, na hita ya kilowati 2 inamaliza kazi kwa saa moja na robo. Likiachwa limewashwa kutwa nzima linapoteza joto na kulirudisha, tena na tena, hakuna anayeoga. Swichi janja ya ampea 20, iliyotengenezwa kwa ajili ya hita, inaliwasha saa kumi na nusu alfajiri na kulizima saa kumi na mbili. Okoa kwa kupunguza saa, usiokoe kwa kushusha themostati: maji yanayokaa vuguvugu ndani ya tangi huotesha bakteria, acha yafike 60.

Huko huko kwenye baridi, Arusha, Njombe, Makete, kuna watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili wapate joto, na wapo wasioamka. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kama kuna kifaa kimoja cha kumnunulia mzazi aliye nyanda za juu, kiwe king'ora cha gesi hiyo, na bado jiko litolewe nje kabla ya kulala, king'ora kiwepo kisiwepo.

Kazi yote ya swichi ya hita na ya sanduku la breka mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hajafungua kifuniko, na akimaliza washa hita mbele yake kwa nusu saa, kisha mguse pamoja ukuta ulio kando ya swichi kuona kama umepata joto.