Mwanangu, andika «soothes»

Waalaykum salaam mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Wauliza mpiga chapa wa huko Ukunda akuwekee neno gani kwenye lebo za ile jeli ya mshubiri unayowauzia watalii Diani, «cures» au «soothes». Tena wasema kamusi imekupa «tuliza», nawe waona kutuliza ni kwa mtoto anayelia, si kwa ngozi.

Andika «soothes». Hilo jingine lifute leo leo. «Cure» ni kuponya, ugonjwa ukaondoka. Mzungu aliyebabuka na jua hujiponea mwenyewe baada ya siku kadhaa, ngozi ikishambuka. Jeli yako kazi yake ni kumpoza ili usiku apate kulala. Kisha ukiandika kwamba yaponya, umeshaiita dawa, na dawa hapa Kenya sharti isajiliwe na Pharmacy and Poisons Board. Huna ubavu huo kwa sasa.

Na kamusi haikukosea. Sisi twamtuliza mtoto na twatuliza maumivu, na Mwingereza naye hivyo hivyo: huweza kusema «soothe the baby», «soothe the pain», hata koo linalokwaruza na hasira za mtu. Kwa hiyo «soothes sunburn» ni sawa, na «soothes your skin» pia ni sawa. Usichoweza ni kumwandikia hivyo mfiwa. Aliyefiwa hufarijiwa, na hapo neno lao ni «comfort», lenye asili ya Kilatini ya kumtia mtu nguvu. Ukimwandikia «soothe» ni kama umempelekea mafuta ya kuchua matangani. «Calm» nayo, neno lao jingine la kutuliza, wenyewe wasema asili yake ni neno la Kigiriki la joto: lile jua la mchana linalowafanya watu waache kazi wajilaze. Hiyo mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa. Saa saba hii nakuandikia, na mtaa mzima kimya.

Lakini «soothe» ndiyo yenye kisa. Kwenye Kiingereza cha kale «sooth» ni kweli, na kitenzi chake kilikuwa na maana ya kuthibitisha kwamba jambo ni kweli. Kufika karne ya 16 kikageuka kuwa kumwitikia mtu «naam, naam, ni kweli» hata akisema upuuzi, bora asikasirike. Kutoka hapo ndipo kikawa kutuliza. Ile kweli ya zamani imebaki kwa «soothsayer», yule mtabiri anayemwonya Kaizari ajihadhari na tarehe 15 Machi katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963.

Nakwambia haya kwa sababu neno hili liliwahi kuwekwa kwenye chupa likaua. Mwaka 1849 huko Marekani ilitoka dawa ya maji iitwayo Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya watoto wanaoota meno. Mama akimpa mwanawe kijiko, kilio chakatika. Ndani mlikuwa na mofini, dawa kali itokanayo na afyuni, pamoja na pombe. Wengine walilala wasiamke tena. Sheria ya mwaka 1906 ndiyo iliyowalazimu watengenezaji waseme kwenye lebo kama kuna mofini, na mwaka 1911 chama cha madaktari wa Marekani kikaitaja miongoni mwa dawa zinazoua watoto. Neno lenyewe halikusema uongo, maana watoto kutulia walitulia. Uovu ulikuwa katika yale yaliyofichwa.

Basi nyuma ya chupa andika kila ulichotia, hata kile cha kufanya isiharibike. Na ule utomvu wa manjano unaotoka ukikata jani, ule mchungu hasa, uache uchuruzike wote kabla hujakwangua jeli. Ndio unaowasha watu.

Sasa matamshi, maana watalii watakuuliza. Mwisho wake ni dh ya dhahabu, si th ya thelathini. «Suudh», ikaoane na «smooth». Kwa maandishi usisahau ile e ya mwisho, la sivyo umeandika neno la kale la kweli, na mpiga chapa hatajua tofauti. Na kwa kuwa mtendaji ni jeli, weka s: «soothes». Ukitaka kuisifu tu bila kutaja kinachotulizwa, tumia «soothing gel», kwa sababu «this gel soothes» peke yake yaning'inia, msomaji akabaki kungoja yatuliza nini.

Mimi ningeandika hivi: «Cools and soothes skin after the sun». Inatosha, na maua yale uliyochora pembeni punguza, herufi hazisomeki.

Kabla hazijachapwa nipigie picha unirushie kwa WhatsApp nizikague. Mamako akusalimu, ataka chupa mbili, na kulipa hatalipa.

Babako