Wapangaji wapya hawaji jumuiya, nifanyeje?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Bibi. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja mtaani, huku pembezoni mwa Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku, nyumba za kupanga zimeota kila upande, na Jumapili kanisani sura mpya ni tele. Lakini Jumamosi asubuhi tukikutana kusali tuko walewale kumi na wanne. Wageni wawili walikuja mara moja wakatoweka. Wenzangu wanasema watu wa Dar wana maringo. Nifanyeje?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Kabla ya maringo, niambie hao wawili mliwapokeaje. Ngoja nibashiri: mlisali, mkasoma Injili, yakaja matangazo, wageni wakasimamishwa wajitambulishe, makofi. Kisha mhazini akafungua daftari.

Daftari hilo nalijua. Mume wangu alipohamishwa kikazi, nilifika jumuiya mpya na barua ya utambulisho ya jumuiya niliyotoka, nimeikunja vizuri ndani ya kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyeniuliza nina watoto wangapi. Nilisomewa zaka, mfuko wa mazishi, ujenzi wa nyumba ya katekista, halafu nikaambiwa, "Tunakuandika kuanzia Januari iliyopita, uwe sawa na wenzako." Na hiyo ilikuwa Septemba! Nyumbani sina hata mkaa. Nikasema nitarudi Jumamosi ijayo, nikapotea miezi saba. Misa nilikwenda, nikikaa karibu na mlango na kutoka wimbo wa mwisho ukianza. Kumbe na mimi nilikuwa nasemwa nina maringo.

Aliyenirudisha ni mama mmoja wa nyumba ya tatu. Mwanangu alipata homa, akaleta uji wa ulezi, akakaa, akaondoka. Jumuiya hakuitaja. Wiki iliyofuata akabisha hodi: "Mwenzangu, kesho tunasali kwangu, na macho yangu hayaoni maandishi. Nisomee somo." Nikaenda kumsaidia mzee wa watu. Baada ya sala akatoa miwani mfukoni na kusoma matangazo yote mpaka nukta ya mwisho.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanautumia msemo huo kumfukuza mtu kiaina. Mimi nausikia tofauti: asiye na jembe bado ni mgeni, hata akikaa miaka kumi. Mpe somo asome, aanzishe wimbo, ashike fungu moja la rozari. Michango mtamweleza, tena mumweleze vizuri, maana msiba hauzikwi kwa maneno matupu. Ila kwa miezi mitatu ya mwanzo daftari likae kwenye mkoba, na deni la miezi ambayo hakuwepo mlifute kabisa.

Najua mtaniambia atakuja tu, siku akitaka barua ya jumuiya ya kubatiza mtoto au kufunga ndoa. Ni kweli atakuja, kama mtu anayefuata muhuri ofisini, na akishaupata humwoni tena. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele, walitaka Kanisa liwe pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Sasa mkutano wenu ni Jumamosi asubuhi. Nesi aliyetoka zamu ya usiku? Mlinzi? Mama wa genge ambaye saa hiyo yuko sokoni? Waulizeni. Pengine Jumapili jioni ingewafaa zaidi, na hao kumi na wanne waamke kwa ajili ya jambo lingine.

Usimtume katibu na karatasi ya majina. Amtembelee jirani wa ukuta mmoja, yule wanayeazimana ndoo. Na hao wawili waliotoweka, mtaa wenu si mkubwa, unajua wamepanga wapi. Nenda wewe mwenyewe kesho jioni, mikono mitupu, wala usianze na "mbona hatuwaoni". Ukimkuta mama anachambua mchele, vuta kigoda umsaidie kutoa mawe.